Vinanda Mia Nne vya Rangi ya Parachichi

Itakura Kinue alichanganya rangi katika kiwanda chetu cha vinanda vya umeme pale Hamamatsu kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote sikumsikia hata siku moja akisifu rangi yoyote. Ukimwambia leo mbingu zimependeza, alikuwa anainua uso, anaangalia, anasema, "Zimezidi kijivu," kisha anaendelea na wali wake.

Mimi nilikuwa chumba cha pili, nafunga vibonye. Kati yetu palikuwa na kidirisha cha kupitishia mbao zilizokauka, na nilimjua Kinue kupitia hapo: kwanza mikono, kisha sauti, na uso baadaye kabisa, kwa sababu kutwa alijifunga kitambaa puani akijikinga na harufu. Macho yake ndiyo yaliyomweka kazini. Ukimpangia vibao vitano vyeupe, wewe unaona vibao vitano vyeupe. Yeye anakuambia hiki kina bluu kidogo, hiki kina maziwa, na hiki cha mwisho kimepakwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.

Enzi hizo vinanda vyetu vilikuwa vya kahawia. Vyote. Mama aliyetaka binti yake apate mume mwenye ofisi alinunua kinanda cha kahawia, akakiweka sebuleni, akakifunika kitambaa cha lesi, na juu ya lesi akasimamisha mwanasesere ndani ya sanduku la kioo. Binti alijifunza nyimbo tatu, akaolewa, kinanda kikabaki kinamtunza mwanasesere. Ilikuwa biashara nzuri sana, maana haikumlazimu mtu yeyote kupenda muziki.

Mwaka 1971 mkurugenzi wetu, Bwana Osuga, alisafiri Marekani wiki tatu. Aliondoka akiwa mtu wa makamo mwenye suti ya kijivu. Alirudi na ndevu za mashavuni, kola ya shati iliyokaribia mabega, na suruali iliyotanuka chini kiasi kwamba popote alipopita sakafu ilibaki safi. Asubuhi ile, tulipomaliza mazoezi ya viungo uani, alipanda juu ya kreti na kututangazia kwamba kahawia imekufa.

Tuligeuka tukaviangalia vinanda sitini vya kahawia vilivyokuwa vinasubiri lori. Havikuonekana kuwa na taarifa.

"Huko nilikotoka," alisema Bwana Osuga, "friji ni ya rangi ya parachichi. Jiko ni la rangi ya parachichi. Choo, jamani, na choo ni cha rangi ya parachichi. Watu wanaishi kwa furaha."

Hakuna aliyeuliza swali. Wakati ule, pale kiwandani, hapakuwa na mtu aliyewahi kuliona parachichi. Mwenzangu mmoja wa vibonye aliamini mpaka jioni kwamba ni jina la mji.

Saa nne Bwana Osuga aliingia chumba cha rangi, na mimi nikasogea kidirishani na kazi yangu mkononi, kwa bahati tu.

"Dada Kinue, nataka rangi ya parachichi."

"Sawa, mkurugenzi. Kibao cha mfano kiko wapi?"

"Sina kibao. Nitakueleza. Ni tunda. Nje ni kijani kizito, kama chura. Ndani ni njano-njano. Karibu na ganda ni kijani tena, lakini laini."

"Katikati?"

"Katikati kuna jiwe."

Kinue alichukua kijiti cha kukorogea. "Sasa mkurugenzi, nitengeneze ipi? Ya nje, ya ndani, au ya jiwe?"

"Ya kula," alisema Bwana Osuga.

"Wewe ulilila likiwaje?"

"Lilipondwa. Tulialikwa chakula cha mchana na wenye maduka. Likapondwa, likawekwa mezani kwenye bakuli, tukasikiliza hotuba tatu, ndipo tukala. Safi sana. Unatia chumvi."

"Hotuba zilikuwa ndefu?"

"Yangu ilikuwa fupi," alisema mkurugenzi, na akaondoka akifagia.

Kinue alitengeneza vibao ishirini na saba. Bwana Osuga alikuja kila siku kuvikataa. Kimoja hakikuwa na furaha. Kingine kilikuwa na furaha lakini ya kitoto. Kingine kilimkumbusha sare ya jeshi, na yeye jeshini hakukupenda. Siku ya kumi na tisa Kinue alikwenda kwenye rafu, akachukua kibao namba tatu kilichokataliwa zamani, akakifuta vumbi kwa kiwiko, akampa.

Bwana Osuga alikishika kwa mikono miwili. Macho yalimlowa.

"Hiki," alisema. "Hiki ndicho. Uliona mwenyewe? Ukijitahidi unaweza."

"Asante, mkurugenzi," alisema Kinue kupitia kitambaa.

Vikatengenezwa vinanda mia nne. Tangazo la gazetini lilikuwa na msichana mwenye viatu virefu mpaka magotini, amesimama juu ya zulia la rangi ya chungwa, nyuma yake ukuta wenye maduara ya zambarau na samli, na mbele yake kinanda chetu. Kwenye picha ile kinanda kilipendeza, kwa kuwa vilivyokizunguka vilikuwa vibaya zaidi. Shida ilianza kilipofika kwenye nyumba za watu, ambako hapakuwa na maduara. Pembeni ya mikeka na milango ya karatasi kilikaa kama mgeni aliyekuja na kikohozi.

Vilivyouzwa ni vichache. Mwenye duka mmoja wa Toyohashi alirudisha sita na barua ya adabu, akisema wateja wanauliza kama vimeota ukungu stoo. Mwaka wa pili yake ukaja uhaba wa mafuta, wanawake wakapigania karatasi za chooni madukani, na mtu anayepigania karatasi ya chooni hanunui kinanda, hata kiwe na rangi ya choo chenyewe.

Kosa likatafutiwa mwenyewe. Haikuchukua muda. Bwana Osuga aliitisha kikao akaeleza kwa masikitiko kwamba wazo lilikuwa sahihi, soko lilikuwa sahihi, msichana wa viatu alikuwa sahihi, ila rangi ilitoka vibaya kule chumba cha rangi. Kinue akaambiwa aandike barua ya kuomba radhi na kuisoma mwenyewe mbele ya wafanyakazi wote, baada ya mazoezi ya asubuhi.

Aliisoma siku ya Alhamisi. Nilisimama mstari wa tatu. Alifungua kitambaa puani, na nadhani nusu ya kiwanda ndiyo walikuwa wanauona mdomo wake kwa mara ya kwanza.

"Mimi, Itakura Kinue wa chumba cha rangi, naomba radhi kwa kampuni na kwa wateja. Nilipewa kazi ya kutengeneza rangi ya tunda ambalo sijawahi kuliona, kulishika wala kulionja. Nilipaswa kukataa. Sikukataa, kwa sababu aliyeniagiza alikuwa amelila, nikaamini kwamba aliliangalia kabla ya kulila. Siku nyingine nitaomba na mimi nionjeshwe kwanza."

Akakunja karatasi, akainama mpaka kiunoni, akarudi mstarini. Uwanja mzima kila mtu alikuwa anaangalia viatu vyake mwenyewe. Mtu mmoja upande wa ghala alipatwa na kikohozi kikali ikabidi atolewe. Bwana Osuga alisema barua imeonyesha moyo wa kujutia, nikajua hapo kwamba alisikiliza barua kama alivyoliangalia parachichi.

Kinue akahamishiwa kufunga maboksi.

Watu walimpongeza kwa siri kwenye foleni ya supu, lakini yeye hakufurahi. Tulikaa nyuma ya ghala siku moja, tunakula, nikamwambia asijitese, kila mtu anajua ukweli.

"Mimi ndiyo siujui," alisema.

"Ukweli gani tena? Yule mzee amekusingizia."

"Masu, mimi nikikosea rangi huwa najua nimekosea wapi. Nimezidisha nyeusi, nimeharakisha. Hii siijui. Labda kweli nimekosea. Nitajuaje, na tunda lenyewe sijaliona?"

Kwa hiyo kusingiziwa hakukumuuma sana. Kilichomnyima raha ni kwamba mahali fulani duniani palikuwa na tunda, na hakujua kama kibao chake kinafanana nalo. Mumewe Eizo, aliyekuwa akilisha mikunga, samaki warefu kama nyoka, kwenye mabwawa ya ziwani Hamana, alimwambia wazi kwamba huo ni ugonjwa.

Jumapili iliyofuata alipanda treni peke yake mpaka Nagoya, akaingia duka kubwa la ghorofa saba, akaenda chini kwenye matunda ya zawadi, yale ambayo tikiti moja linalazwa kwenye pamba kama mtoto mchanga. Akakuta maparachichi mawili. Akayanunua yote, akarudi nayo mapajani.

La kwanza alilikata usiku uleule, likiwa gumu kama kisigino. Yeye na Eizo wakalitafuna na mchuzi wa soya. Eizo alisema sasa anaelewa kwa nini Wamarekani wamelifanya rangi ya choo. Kinue alikuwa ameweka kipande kwenye sahani nyeupe anakitazama. Kwa mujibu wa kipande kile, kibao namba tatu kilikuwa mbali sana na ukweli, na alilala akiamini kwamba barua yake ya kejeli ilikuwa ya kweli tupu.

La pili alilileta kazini, akaliweka kwenye kidirisha chetu. Hakujua linaiva namna gani, wala mimi sikujua. Kila asubuhi alipita kutoka kwenye maboksi, akalibonyeza kwa kidole gumba, akaondoka. Siku ya sita ganda liligeuka jeusi, mimi nikataka kulitupa. Akanizuia. Siku ya saba lilibonyea. Akalikata kwa kisu cha kukatia kamba, akalipondaponda na uma kwenye bakuli la supu, akatia chumvi, akaonja. Akanipa nionje.

"Kumbe ni siagi," nilisema.

"Ni zuri," alisema Kinue, kwa mshangao wa mtu aliyemkuta adui yake na tabia njema.

Lakini lilikuwa la kijani kibichi, limechangamka, halikuwa hata na undugu na vinanda vyetu. Kinue aliliangalia kwa muda. Halafu akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, hotuba tatu zinachukua muda gani.

"Za nani?"

"Za wenye maduka. Na ya Bwana Osuga."

Nikamwambia kama ni pamoja na ya Bwana Osuga, hesabu saa mbili na nusu. Akaliacha bakuli dirishani, akarudi kwenye maboksi. Tulipotoka mapumziko ya mchana lilikuwa limeanza kufubaa. Saa tisa aliomba ruhusa ya kwenda msalani, akaja moja kwa moja kwangu, akapitisha mkono kidirishani, akachukua kibao namba tatu kwenye rafu ya chumba cha rangi, akakilaza kando ya bakuli.

Sijawahi kuona rangi mbili zinazolingana namna ile. Ukifumba jicho moja hukujua kibao kinaishia wapi na chakula kinaanzia wapi. Alikuwa ametengeneza, kutokana na maneno ya mtu asiyejua kuangalia, rangi kamili ya parachichi lililopondwa na kuchoshwa na hotuba.

Hakucheka. Alivuta pumzi ndefu, mabega yakashuka, ndipo nikaona ni kiasi gani yalikuwa yamepanda miezi yote ile. Akachukua bakuli na kibao, akapanda ngazi kwenda ofisini. Nikamfuata kwa umbali wa heshima, yaani mpaka mlangoni.

"Mkurugenzi, nimelinganisha," alisema, akaviweka mezani.

Bwana Osuga aliangalia bakuli. Akaangalia kibao. Akanusa.

"Ndilo hilo hilo," alisema mwishowe. "Ndilo nililokula."

"Ndiyo, mkurugenzi."

"Kwa hiyo rangi haikukosewa."

"Haikukosewa."

Akaegemea kiti. Uso wake ulianza kupata nuru, na mimi pale mlangoni nikadhani, kwa ujinga, kwamba sasa anaomba radhi.

"Basi kosa ni la tunda," alisema.

Kesho yake Kinue alirudishwa chumba cha rangi, bila barua na bila tangazo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ni kutengeneza rangi mpya ya msimu, ambayo Bwana Osuga aliivumbua mwenyewe baada ya kufikiri sana. Iliitwa Kahawa ya Jioni. Ilikuwa kahawia.

Vinanda vya kijani vilivyobaki, vipatavyo mia tatu, viligawiwa wafanyakazi kama shukrani ya mwisho wa mwaka, na shukrani yenyewe ilikuwa ya lazima. Mtaa mzima ulivibeba kwenye mikokoteni na baiskeli. Changu kiliishia bandani, nikawa napangia juu yake makreti ya machenza. Cha Kinue kiliingia sebuleni, kwa sababu hakuwa na banda. Eizo alikizunguka mara mbili, akasema kimeoza, na akataka kujua kama kinauma.

Jambo la kushangaza ni kwamba Eizo ndiye aliyeanza kukipiga. Alirudi kutoka mabwawani jioni, akanawa, na wakati Kinue anapika alikaa pale na vidole viwili vilivyozoea kushika mikunga, akitafuta wimbo mmoja wa zamani wa kijijini kwao. Aliupata mpaka katikati. Akifika katikati alikwama, akarudi mwanzo. Miaka kumi na minane hakuivuka ile katikati. Majirani walijua saa ya chakula cha jioni kwa kule kukwama. Kinue hakuwahi kumwambia aache, wala kumwambia anapiga vizuri. Alipokufa Eizo kwa ugonjwa wa ini, mwaka 1992, kinanda kilifungwa kikafunikwa kitambaa, bila mwanasesere.

Kiwanda chetu chenyewe kilikuwa kimekwisha kuuzwa zamani, mwaka 1980. Bwana Osuga alistaafu kwa heshima zote akanyoa ndevu.

Mwaka 1997 alikuja kwangu mwanamume wa kama miaka thelathini na mitano, kutoka Osaka, mwenye suruali iliyotanuka chini. Nilipoiona suruali nikajua ni matatizo. Alijitambulisha kwa jina la Naruse, mpiga vinanda, na alikuwa amekiona changu kutoka barabarani, mlango wa banda ukiwa wazi.

"Samahani mama, unajua kile ni nini?"

"Ni meza ya machenza."

"Mama, kile ni cha mwaka sabini na moja. Viko vichache sana nchi nzima. Watu wanavitafuta kama dawa. Sauti yake ni ya kawaida tu, lakini ile rangi. Ile rangi haijawahi kutengenezwa tena na mtu yeyote."

"Naamini," nilisema.

"Sisi tunaopenda vya zamani tunaiita Kijani cha Osuga."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikavaa viatu, nikamshika mkono, nikampeleka nyumba ya tatu kwa Kinue, nikamwambia aseme tena yale yale mbele ya yule mama anayechambua maharage. Akasema. Kinue aliendelea kuchambua.

"Mwacheni nayo," alisema. "Yeye ndiye aliyelila."

Naruse alipoelewa yuko mbele ya nani, alipiga magoti kwenye mkeka. Akatoa daftari. Akauliza rangi ile ilibeba falsafa gani, ilikuwa inasema nini kuhusu zama zake.

"Chakula kilichopoa," alisema Kinue. Naruse akaandika.

Halafu akaeleza shida yake. Alikuwa na kinanda kimoja ndani ya gari, upande wa kulia umevunjika, fundi wa Osaka amekiwekea ubao mpya, lakini kila aliyejaribu kuupaka ameshindwa. Kinue alinawa mikono, akatoka nje, akalizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma. Alisimama akiangalia jua linavyogonga ule ubavu mzima.

"Miaka ishirini na tano," alisema. "Kimepauka. Unataka kilivyokuwa au kilivyo?"

"Kuna tofauti?"

Kinue aliniangalia mimi, sio yeye.

Tulikwenda dukani tukanunua makopo matano ya kawaida. Akafunga kitambaa puani. Alikuwa na miaka sitini na miwili na hakuwa amegusa rangi tangu kiwanda kiuzwe. Alichanganya bandani kwangu, juu ya makreti, bila kipimo, akitoa tone hapa na tone pale kwa njiti ya kulia wali, akipaka kidogo, akisubiri kukauka, akirudi. Ilimchukua muda wa kupika wali na kuupoza. Mwisho akampisha Naruse.

Yule kijana alipitisha kiganja kwenye ubavu wa kinanda akitafuta kiungo. Akapita, akarudi, akainama mpaka pua ikagusa. Hakukipata.

"Hapa pamezidi njano kidogo," alisema Kinue nyuma yake. "Ngoja nipatengeneze."

"Mama, sioni kitu."

"Najua huoni."

Alipokuwa anapatengeneza nilimwona uso, maana alikuwa amekiteremsha kitambaa bila kujua. Nilimwona akivipitisha vidole juu ya ubao, polepole, mara mbili, ingawa ubao haukuwa na haja hiyo.

Naruse alimletea vingine kumi na kimoja katika miaka miwili, vyote vimechubuka. Aliomba pia kununua cha sebuleni, akaahidi kukitunza vizuri kuliko macho yake. Kinue alimwambia hakiuzwi kwa sababu kimeharibika. Naruse akakijaribu, kikalia vizuri kabisa. Kinue akasema ndiyo, lakini kuna wimbo mmoja kinakwama katikati. Kijana hakuelewa, na hakuna aliyemweleza.

Kijani cha Osuga ndilo jina mpaka leo. Mimi niliandika barua kwa hao wapenda vya zamani kuwasahihisha, wakanijibu kwa adabu kwamba jina limeshazoeleka.

Kinanda cha kumi na mbili kilipomalizika, Naruse alitulipia siku mbili kwenye nyumba ya maji moto, kule Kanzanji. Tulikaa ndani ya maji mpaka shingoni, vikongwe wawili, taulo kichwani. Kuta za bafu zilikuwa na vigae vya waridi vya miaka ile ile ya sabini, mamia kwa mamia, na mimi nilikuwa nimefumba macho nafurahia mgongo wangu kuacha kuuma.

"Masu," alisema Kinue.

"Nini."

"Mstari wa nne kutoka juu. Vigae vitatu vimebadilishwa."

Nilifumbua macho nikaangalia mstari wa nne. Vilikuwa vya waridi.

"Kuna mtu alihangaika sana kuvipata hivyo vitatu," alisema, akazama mpaka kidevuni.